Kile Hakikuwa Kivuko, Kilikuwa Kampeni

Naomba nianze kwa heshima zote, maana mwenyekiti wetu wa mtaa ana simu ya kupangusa na anasoma kila kitu isipokuwa maombi yetu. Mtaa wenyewe siutaji. Uko Mbeya, una mteremko, una mtaro mkubwa katikati, na kwa mvua hizi ukimwona mtu ana viatu safi ujue kaja kututembelea.

Leo asubuhi nimetoka na suruali ya kitambaa, ile ya kijivu ya kuonea watu, nafika mtaroni kivuko hakuna. Jana jioni kilikuwepo, nimekivuka na mkate wangu mkononi. Vimebaki visiki viwili vya zege, kimoja huku, kimoja kule, nondo zimechomoza, na kwenye nondo moja mtu kashaanika soksi. Katikati maji ya kahawia yanakimbilia Mafiati, yanawahi kazini kuliko mimi.

Vijana wa mtaa huu hawalali. Saa kumi na mbili na nusu walishatandika ubao. "Mia mbili, mzee. Ukiwa na mzigo, mia tatu." Nikauliza nani kawapa kibali. "Tunakusaidia tu." Msaada wa mia mbili! Nikawaonyesha kimfuko cha chakula cha mchana, nikauliza nacho ni mzigo? Mmoja akakipima kwa macho. "Inategemea ndani kuna nini." Ndani kulikuwa na kande. Kande zimelipiwa mia.

Dereva wa bajaji hakuwa na chenji. Bosi wangu, tunakouza mbolea, kaniambia kivuko si sababu, yeye mwenyewe anaishi kusikofika bajaji na hajawahi kuchelewa. Ana Prado. Nikasema ndiyo bosi.

Mchana nikaomba ruhusa nikaenda ofisi ya mtaa. Kwenye benchi palikuwa na mama mmoja anasubiri barua ya utambulisho, mwalimu mstaafu wa mtaa wetu ambaye huwa hasubiri chochote ila anapenda benchi, na kijana anayeishi kwa bando. Mwenyekiti yuko mezani na sweta la kola, kalamu tatu mfukoni, za rangi tofauti.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Kama ni barua, mhuri kaondoka nao mtendaji."

"Nimekuja kuhusu kivuko."

"Kivuko kipi?"

"Kilichokuwepo."

Akavua miwani taratibu, kama daktari anayetaka kukupa majibu mabaya. "Kile hakikuwa kivuko, kaka. Kile kilikuwa kampeni."

Hapo niseme ukweli, mwenyekiti hakuwa mwongo kabisa. Mwenyekiti aliyepita alikiweka kivuko kando ya njia yetu ya siku zote, mbali kidogo, ukishavuka unatua mlangoni kwa grosari yake. Huwezi kwenda kanisani bila kupita viti vyake vya plastiki. Wake zetu walilalamika, wazee wa kanisa walilalamika, na sisi wengine tulilalamika tukiwa tumeshaketi. Halafu zege likiwa bichi akachukua msumari akaandika jina lake, na mwaka, na "MAENDELEO HAYANA CHAMA". Huku na huku. Mwenyekiti mpya kafanya kampeni nzima akisimama juu ya maandishi hayo kwa viatu vya matope.

"Sasa mheshimiwa," nikasema, "si ungeleta tindo ukakwangua jina?"

"Jina lilikuwa limeingia ndani."

"Ndani ya zege?"

"Ndani ya mradi."

Nikanyamaza kidogo. Kuna majibu ukiyapata lazima unyamaze kidogo.

Nikamwambia tulichanga. Kila kaya ilitoa elfu kumi, stakabadhi ninazo, tena nimebeba mawe mwenyewe siku ya Jumamosi mgongo ukaniuma mpaka Jumatano. Akasema mchango ule ulikuwa wa utawala uliopita. Nikamwuliza, mimi nilipitwa lini? Yeye kaisha muda wake, sawa, kura zimemtoa. Mimi bado ni yule yule, nyumba ile ile, mgongo ule ule. Hakuna aliyenichagua na hakuna wa kuniondoa!

Mama wa barua akasema, "Sema baba." Nikajiona kidogo kama mbunge.

Mwenyekiti akatoa daftari la kaunta. Ndani kachora kivuko kipya kwa kalamu zote tatu. Kina taa, kina vyuma vya kushikia, kina benchi, na pembeni kaandika "sehemu ya picha". Picha ya nini, mtaroni? "Maharusi," akasema. Gharama? Kila kaya elfu ishirini. Lini kinaanza? Mvua zikikatika. Na kile cha zamani kwa nini kimevunjwa mvua zikiwa hazijakatika? Akaniangalia kwa huruma ya kiongozi. "Ningekiacha mpaka kiangazi, watu wangekizoea."

Kijana wa bando akaona nafasi. "Lakini mwenyekiti hajaanza yeye. Hata Trump, Oktoba 2025, kaangusha upande wa mashariki wa Ikulu yao ili ajenge ukumbi wa dhifa." Mwenyekiti akanyoosha mkono kwangu kama wakili aliyeletewa shahidi. "Umeona? Marekani!"

"Na bei," kijana akaendelea, "ilitangazwa dola milioni 200, mwezi huo huo wa kubomoa ikawa 300, Desemba ikatajwa 400. Kasema wanalipa wafadhili. Sasa huko kwao wanabishana, atakayemfuata auvunje au auache?"

Hapo mwalimu mstaafu akakohoa. Anayemfahamu anajua kikohozi kile kina dakika arobaini. "Historia ya nyumba ile," akasema, "ni historia ya kufukiana. Roosevelt mwaka 1933 alijengewa bwawa la kuogelea ndani, kwa sababu ya miguu yake iliyopooza. Nixon mwaka 1970 akalifunika, akaweka juu yake chumba cha waandishi wa habari. Bwawa liko chini ya sakafu mpaka leo. Carter mwaka 1979 kaweka paneli za jua darini za kuchemshia maji. Mwaka 1986, wakati wa Reagan, paa likatengenezwa, paneli zikashushwa, hazikurudi."

"Safi sana Reagan," mwenyekiti akasema, anaandika.

"Ngoja. Truman mwaka 1948 kaongeza kibaraza ghorofani. Kasemwa! Eti kaharibu sura ya nyumba. Truman kaondoka, waliomfuata wakakiangalia, wakatoka nje, wakapunga upepo. Kipo."

"Kwa hiyo mwalimu unasemaje? Ukumbi uvunjwe?"

"Mimi nasema nasubiri chai."

Nikaona niingie na ya kwetu, maana ya Washington tutaambiwa hatuna viza. Bandari ya Bagamoyo: mkataba wa 2013 wakati wa Kikwete, 2019 Magufuli kasimamisha kwa kuona masharti hayafai, 2021 Mama Samia kasema mazungumzo yafufuliwe. Sawa, pale palikuwa na makaratasi. Ukisimamisha karatasi hakuna anayeloa suruali. Lakini Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, watu si walipiga kelele? Pori la Selous, UNESCO, miti, wanyama. Magufuli kaanza 2019, kafariki Machi 2021 bwawa halijaisha. Mama angeweza kusema si langu. Alimalizia, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Waliokuwa wakilipinga leo wanachaji simu humo humo ili waendelee kulipinga, na hiyo ni haki yao, chaja wamenunua wenyewe.

"Lile ni bwawa la taifa," mwenyekiti akasema. "Usilifananishe na kivuko cha kupeleka watu kwenye bia."

"Mheshimiwa, na Ubungo je? 2017 Magufuli huyo huyo si aliagiza jengo la TANESCO livunjwe kupisha barabara? Jengo la Serikali, si grosari!"

Nikajua nimempa rungu. Akasimama. "Aaa! Asante! Limevunjwa! Kupisha barabara!"

"Limevunjwa barabara IPITE!" Sauti ilinitoka, mama wa barua akashtuka. "Wewe umevunja njia ipite nini? Ipite hewa? Kama kile kilipinda, jenga kilichonyooka, watu wavuke wiki mbili, halafu vunja kile, vunja na grosari ukitaka, mimi nitakuja na nyundo yangu! Jina lake liguguniwe na panya! Lakini kabla hujainua sururu niambie kesho asubuhi mimi napita wapi! Nina miaka hamsini na mbili, unataka niruke? Mama mkwe wangu anakuja Jumamosi kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, unataka nimrushe? Yeye kwanza au mkungu kwanza?"

Kimya. Kijana wa bando ananirekodi. Mwenyekiti akakaa, akavaa miwani, akaniuliza kwa upole kabisa kama nalipenda wazo la benchi.

Nikamwambia benchi ni zuri.

Kwa sababu ni zuri! Mtu akishavuka mtaro wetu anahitaji kukaa. Na nikimpinga kwenye benchi ataniweka kundi la yule wa zamani, na mimi grosari ile nilikuwa napita tu, mara nyingine napita nikiwa nimekaa. Huyo wa zamani naye mtu asije akamlilia. Tangu kivuko kivunjwe kashaweka bango kwamba ukinunua soda kwake unavushwa kwa ngazi ya fundi rangi. Soda buku. Ubao wa vijana mia mbili. Sasa hapo ndipo tulipofika, tuna soko huria la kuvuka.

Mtendaji akarudi na mhuri, mama akapata barua yake, akagundua imeandikwa jina la mume wa jirani. Hayo muachieni yeye.

Ukifikiri ni siasa tu, njoo kwaya yetu. Mwezi uliopita tumechagua mwenyekiti mpya wa kwaya, shemeji yangu, mtu mpole, anaimba besi kwa shida. Kikao cha kwanza kabisa, kafuta sare. Zile za bluu tulizoshona Krismasi, ambazo mimi nimemaliza deni lake majuzi tu, eti zilikuwa za mwenyekiti aliyetoka. Zina doa gani? Hazina. Zimechuja? Hazijachuja. Nikamwambia shemeji, Mungu anatusikia, hatuangalii kola. Akasema uongozi mpya unataka mwonekano mpya, tena rangi ya maziwa. Rangi ya maziwa, Mbeya, msimu wa mvua! Na fundi wa Mwanjelwa anasema kitambaa hicho kimeisha mjini, labda mtu ashuke Tunduma, na kwa kuwa mimi ndiye niliyebisha, kamati imeona niende mimi.