Dakatcha: msitu usio na geti wala choo

Wageni wengi wanaotoka Malindi wakavuka daraja la Sabaki huishia Marafa, kwenye korongo la Nyari. Wanapiga picha jua likizama, wanarudi hotelini. Wachache huendelea mbele hadi msitu wa Dakatcha, kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Huko hakuna geti, choo wala kibao cha njia. Unafuata vijia vya mbuzi, na maji unabeba mwenyewe, ya kutosha maana joto la huko si mchezo. Sasa wapo wanaotaka msitu huu utengenezwe kwa ajili ya watembezi, na wapo wanaosema uachwe ulivyo.

Wa kwanza wana hoja nzito. Pita barabara ya Marafa uone magunia ya mkaa yaliyosimamishwa ukingoni, yamejazwa hadi kupita mdomo, juu yamezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba, yanangoja lori. Ule ni mrihi, mti uliochukua miaka mingi kukua. Anayeuchoma ana watoto wa kulipiwa karo, na kumwambia aache bila kumpa njia nyingine ni kumwonea. Kule Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua vipepeo wachanga wa msituni kutoka kwa wakulima tangu 1993. Msitu ukimlisha mtu, ataulinda.

Lakini barabara itakayoleta gari la mtalii ndiyo hiyo hiyo itakayoleta lori la mkaa hadi katikati ya msitu. Hili ndilo linalonitisha zaidi. Halafu yupo kwera wa Clarke, ndege mdogo mwenye manjano kifuani, ambaye duniani kote anajulikana kuishi Kilifi tu. Viota vyake vilikuja kugunduliwa 2013, humo humo Dakatcha, kwenye dimbwi lenye nyasi linalojaa wakati wa mvua. Kundi la watu likiingia kwenye nyasi zile majira ya kutaga, hasara yake haina fidia.

Mimi naona tuanze na watu, majengo yasubiri. Vijana wa vijiji vya humo wafundishwe kuongoza wageni, ada ijulikane na ilipwe kijijini, makundi yawe madogo, na dimbwi lifungwe wakati wa viota. Choo kijengwe Marafa, ambako wenyeji nao watakitumia.

Kuna jambo lililo chini ya haya yote, nalo ni ardhi. Si miaka mingi tangu kampuni ya kigeni ilipotaka hekta 50,000 za eneo hili ilime mibono kaburi (jatropha) ya mafuta, na ikabidi wenyeji na watetezi wa mazingira waipinge kwa nguvu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake kwa jina lake. Hiyo ndiyo kazi ya kutangulia, kwa sababu kijiji kisicho na hati hakiwezi kumtoza mgeni ada wala kumzuia mwenye msumeno.