Kasi ya Wimbi la Ubongo Haitoshi Kueleza Tabia

Mitandaoni zimejaa sauti zinazouzwa kwa ahadi kwamba ukizisikiliza kwa muda, ubongo wako utaingia katika mawimbi ya alfa na wasiwasi utakutoka, au utaingia katika gama na kumbukumbu yako itanoleka. Sina ugomvi na mtu anayetafuta utulivu kwa njia hiyo. Ninachokipinga ni dhana inayobeba biashara yenyewe, kwamba kila kasi ya wimbi, yaani idadi ya midundo ya umeme wa ubongo kwa sekunde, ina tabia yake maalumu, na kwamba anayeijua kasi ameijua tabia. Nionavyo mimi, kasi haisemi mengi mpaka tujue wimbi limezaliwa katika sehemu gani ya ubongo, kwa seli zipi, na mwenye ubongo alikuwa akifanya nini wakati huo.

Tuanze na alfa yenyewe. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1929. Aliona kwamba mtu akifumba macho, mistari inayochorwa na mashine hupanda na kushuka mara kama kumi kwa sekunde, na akiyafumbua, mdundo huo, ambao ndio alfa, hufifia mara moja. Wengi hawakumwamini mpaka watafiti Adrian na Matthews walipolirudia jaribio hilo Cambridge mwaka 1934. (Berger mwenyewe aliingia katika utafiti huu akitafuta namna fikra zinavyoweza kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, jambo ambalo mashine yake haikumpa.) Kwa miaka mingi alfa ilichukuliwa kuwa alama ya ubongo uliopumzika, na wauza sauti bado wamekwamia hapo. Lakini mtu akiambiwa aelekeze umakini wake upande wa kushoto bila kugeuza macho, alfa hupungua nyuma ya ubongo upande wa kulia, unaoshughulikia anachokizingatia, na hubaki juu au kuongezeka upande wa pili, unaoshughulikia kile anachotakiwa kukipuuza. Huyo hajapumzika hata kidogo. Yuko kazini, na wataalamu wengi sasa huiona alfa ya namna hiyo kuwa sehemu ya kazi ya kuzuia yasiyohitajika.

Neno kuzuia ni la msingi katika jambo hili. Elektrodi, kidude cha kunasa umeme kinachobandikwa kichwani, haisikii seli moja, bali jumla ya mikondo midogo ya umeme ya maelfu kwa maelfu ya seli za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, zilizojipanga sambamba, na hata jumla hiyo, ikishapita kwenye fuvu na ngozi, huwa ni makumi tu ya mikrovolti. Kila seli ikifuata wakati wake, mikondo hufutana na mstari hubaki karibu bapa. Mara nyingi zinazoziweka seli hizo pamoja ni seli zuiaji, zinazotoa kemikali ya GABA: seli chochezi, zile zinazoamsha nyingine, huziamsha seli zuiaji, nazo huzirudi zile chochezi kwa kuzinyamazisha kitambo kidogo, na uzuiaji unapokwisha, nyingi huwaka tena karibu kwa wakati mmoja. Urefu wa kimya hicho huchangia sana kuamua kasi. Kikiwa kifupi, mtandao mdogo wa seli huweza kutoa mizunguko 30 hadi 80 kwa sekunde, ambayo ndiyo gama.

Kuna midundo mingine inayohitaji safari ndefu zaidi, kati ya gamba na thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha taarifa za karibu milango yote ya fahamu. Seli za thalamasi zina vijia vya kalisi, yaani vitundu vinavyopitisha chembe za madini hayo, ambavyo huwa tayari kufunguka baada ya seli kuzuiwa sana, hivyo uzuiaji unapolegea, seli hulipuka kwa mkupuo. Katika usingizi mwepesi wa mtu mwenye afya, mzunguko huo hutoa vifungu vya mawimbi 11 hadi 15 kwa sekunde. Kwa baadhi ya watoto wenye kifafa, mzunguko huohuo huteleza na kutoa miiba (vilele vyembamba vya ghafla katika mstari) na mawimbi matatu kwa sekunde, kama walivyoeleza watafiti Gibbs, Davis na Lennox mwaka 1935. Mtoto anasoma kwa sauti, anakatika katikati ya neno, macho yanaganda, kope zinapepesa kidogo, na baada ya sekunde kama kumi anaendelea kana kwamba hapakuwa na lolote. Katika chumba cha kupimia umeme wa ubongo, fundi humwambia, “Haya mwanangu, vuta pumzi ndefu ndefu, usiache,” na ndani ya dakika tatu mara nyingi tukio hujitokeza lenyewe, mistari yote ikipiga kwa pamoja. Dawa ya ethosuksimidi, inayoziba vijia hivyo vya kalisi, huweza kuyakomesha matukio hayo. Mawimbi ya kasi hiyohiyo ya matatu kwa sekunde, yasiyo na miiba, huonekana pia kwa mtu aliyelala fofofo. Ningefurahi zaidi walimu wetu wangejua habari hii kuliko ya sauti za alfa, maana mtoto wa namna hiyo huishia kugombezwa kwa kuzubaa.

Beta nayo, mizunguko 13 hadi 30 kwa sekunde, huuzwa kama wimbi la uchangamfu. Katika sehemu za ubongo zinazoongoza viungo, beta huwa na nguvu mtu anaposhikilia mkao wake, hushuka kabla hajasogeza mkono, na hurudi kwa kishindo akishamaliza. Kwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaovuruga mwendo, aliyepungukiwa kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, beta huzidi katika viini vya ndani ya ubongo. Anataka kunyanyuka na mwili hauitikii upesi. Dawa ya levodopa huipunguza beta hiyo, na umeme unaopelekwa ndani ya ubongo kwa waya mwembamba hufanya vivyo hivyo, na mwendo huwa mwepesi zaidi. Hata hapo, kupungua kwa beta huendana zaidi na kupungua kwa kukakamaa kwa misuli na uzito wa mwendo kuliko kupungua kwa mtetemeko wa mikono, ambao una mdundo wake wa mara nne hadi sita kwa sekunde.