Toleo jipya la Linux: tarehe iwekwe wapi?

Tarehe 6 Juni 2005 Debian, mfumo wa kompyuta wa Linux unaotengenezwa na watu wanaojitolea, ilitoa toleo lake la 3.1, lililopewa jina la sarge. Lililolitangulia, woody, lilikuwa limetoka Julai 2002. Karibu miaka mitatu ilipita hapo katikati, na kila aliyeuliza "lini?" alijibiwa kwamba litatoka likiwa tayari. Likatoka. Haukupita muda ikagundulika kwamba aliyesakinisha kwa CD au DVD hapati masasisho ya usalama: ndani ya sources.list, faili linaloueleza mfumo uchukue programu wapi, mstari wa masasisho hayo ulikuwa unaelekea kwenye tawi la majaribio (linakoandaliwa toleo lijalo) badala ya toleo thabiti, tena ukiwa umezimwa. Ikabidi diski zitengenezwe upya.

Kisa hicho kina la kuwauliza watu wa pande zote mbili za mjadala unaoibuka kila mara wanaojitolea wanapoandaa toleo jipya. Wanaosema litoke likiwa tayari waeleze miaka mitatu ilishindwaje kuuona mstari mmoja. Wanaosema litoke kwa tarehe wakumbuke kwamba hiyo ni kasoro ya dakika za mwisho kabisa, kwani hadi siku ile sarge yenyewe ndiyo iliyokuwa tawi la majaribio. Kubanwa na kalenda kusingeizuia, na huenda kungeizidisha.

Kabla ya kupima hoja, tuwaangalie wanaofanya kazi yenyewe. Toleo la 13 la Debian, trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na vifurushi vya programu 69,830, na zaidi ya 14,100 kati yake vilikuwa vipya. Kila kifurushi kina mtu au kikundi kinachokitunza, na wengi wao hukaa mbele ya kompyuta usiku, baada ya kazi inayowalipa. Katiba ya Debian inatamka wazi kwamba hakuna anayelazimika kuufanyia mradi kazi. Kampuni ikichelewa, meneja huita watu kikaoni na kuwahamishia kwenye kazi iliyokwama. Hapa hakuna wa kumhamisha mwenzake. Mtu asipotaka kurekebisha kasoro, hairekebishi, na hujavunjiwa ahadi yoyote.

Wanaotetea tarehe wanaanzia hapo hapo. Pasipo tarehe, wanasema, kila mtunzaji ana sababu nzuri ya kuingiza toleo jipya zaidi la programu yake. Wakati mnasubiri maktaba moja (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) irekebishwe, programu nyingine imezeeka. Inapandishwa, nayo inavunja ya tatu. Kazi inazunguka. Madhara yake yanamfikia mtumiaji: woody ilikuja na kerneli (kiini cha mfumo) ya 2.2 kama chaguo la kawaida, na kufikia 2005 mwenye mashine mpya alikuwa na vifaa ambavyo kerneli hiyo haivitambui. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Oktoba 2004 Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, ilitoa toleo lake la kwanza, 4.10, ikiyachukua matunda ya Debian na kuahidi toleo kila baada ya miezi sita, na watu wengi wakahamia huko. Sidhani kama waliohama waliichukia Debian. Walitaka kujua lini.

Hoja hiyo ni nzito, ila mfano wa Ubuntu una mipaka. Nyuma yake kuna kampuni, Canonical, inayolipa mishahara. Hata hivyo toleo lililopangwa kutoka Aprili 2006 lilisogezwa hadi Juni, ndiyo maana linaitwa 6.06.

Upande wa utayari una ushahidi wake pia. Fedora, nayo ni mfumo wa Linux, hupanga tarehe, lakini kabla ya toleo kutoka kuna kikao cha kuamua liende au lisiende, na kasoro zilizokubaliwa kuwa ni za kuzuia toleo zina nguvu kuliko kalenda. Fedora 18 ilipangwa kwa Novemba 2012, ikatoka Januari 2013, kwa sababu kisakinishi, programu inayouweka mfumo kwenye kompyuta, kilikuwa kimeandikwa upya na hakijatulia. Nawaunga mkono kabisa waliozuia. Programu ya kusoma barua ikiwa na kasoro, rekebisho litamfikia mtumiaji wiki ijayo. Kisakinishi kikifuta sehemu ya diski iliyokuwa na kazi za mtu, hakuna sasisho litakalozirudisha. Isitoshe, nakala za diski za usakinishaji zinasambaa, zinakopiwa, zinatumika kwa miaka, na huwezi kuzirudisha nyumbani.

Nadhani mjadala wote umekwama kwa sababu kasoro zote zinawekwa fungu moja. Zipo zinazorekebishika baada ya toleo kutoka, na zipo zisizorekebishika, au zinazorekebishika kwa shida kubwa: za kisakinishi, za njia ya kupanda kutoka toleo la zamani, za funguo za siri, na za mfereji wenyewe wa masasisho. Kasoro ya sarge ilikuwa mstari mmoja tu, lakini ilikaa pabaya: iliuziba mlango ambao dawa ingepitia. Kwa kundi la kwanza, tarehe itawale. Kwa kundi la pili, nisingejali hata kama toleo litachelewa miezi.

Hata hivyo kusubiri peke yake hakulindi chochote. Mwaka 2006 mabadiliko madogo yaliingizwa kwenye kifurushi cha OpenSSL cha Debian, kinachotengeneza funguo za siri za kulinda mawasiliano, ili kunyamazisha malalamiko ya zana ya kukagua kumbukumbu. Yakaondoa karibu hali yote ya kutotabirika iliyokuwa ikitumika kutengeneza funguo. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zilibaki funguo 32,767 tu zinazoweza kutokea, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaweza kuijaribu yote. Kifurushi kikapita majaribio, kikapita kipindi cha kugandisha (cha kuzuia mabadiliko mapya kabla ya toleo kutoka), kikaingia kwenye toleo la etch Aprili 2007, na kasoro ikatangazwa Mei 2008. Kifurushi kilirekebishwa upesi. Funguo zilizokwisha kutengenezwa zilibaki dhaifu popote zilipopelekwa, hata kwenye seva zisizotumia Debian, mpaka mwenyewe azibadilishe.

Linganisha na mlango wa siri uliopandikizwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili, uliofichuliwa tarehe 29 Machi 2024. Mwandishi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine yake kwa ssh, njia ya kuingia kwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia mpaka akaukuta. Alikuwa anatumia tawi la Debian lisilo thabiti. Toleo thabiti halikuguswa, na wapenzi wa mwendo wa pole wanalitaja hilo kwa haki. Lakini wasisahau kwamba waliokolewa na mtu aliyekuwa akitumia programu ambazo hazijaiva, tena kwa kazi yake halisi. Kinachokamata kasoro ni macho. Miezi isiyo na macho ni miezi tu. (Mifumo isiyo na matoleo, kama Arch, haiukwepi mjadala huu; inauhamishia kwa mtumiaji, aukabili kila anaposasisha.)

Basi tarehe iwekwe wapi? Kwa maoni yangu, iwekwe kwenye kugandisha, siyo kwenye kutoka. Debian ilifika huko kwa njia ngumu. Julai 2009 ilitangazwa kwamba mfumo utagandishwa Desemba mwaka huo. Wachangiaji wengi wakalalamika kwamba hawakushirikishwa, na mpango ukarudishwa nyuma. Kugandisha kwenyewe kukafanyika Agosti 2010, na toleo la squeeze likatoka Februari 2011. Tangu hapo kila mwaka usiogawanyika kwa mbili umekuwa na toleo lake, hadi 2025.

Trixie inaonyesha jinsi mlango unavyofungwa hatua kwa hatua. Tarehe 15 Machi 2025 yalizuiwa mabadiliko makubwa ya maktaba na zana za msingi. 15 Aprili vikazuiwa vifurushi vipya. 17 Mei masharti yakakazwa zaidi. Mwishoni mwa Julai kila badiliko likahitaji ruhusa ya timu ya matoleo. Kifurushi chenye kasoro nzito isiyoshughulikiwa huondolewa chenyewe kwenye tawi la majaribio, isipokuwa kama mfumo hauwezi kusimama bila hicho. Huwezi kumwamuru anayejitolea, lakini unaweza kumwambia mapema: siku fulani tunaondoka, kilicho kizima tunakibeba. Ni lugha inayoheshimu uhuru wake na wa wenzake pia.

Njia hii ina gharama. Mtunzaji aliyeugua au aliyepata mtoto miezi ile anakuta kifurushi chake kimeachwa nje, na hakuna haki kamili katika hilo. Watafsiri huumia badiliko la maneno likipenyezwa mwishoni, kwa sababu sentensi moja mpya kwenye kisakinishi ni kazi mpya kwa kila lugha. Mzigo mkubwa zaidi unawaangukia wachache wa timu ya matoleo, wanaosoma kila ombi la ruhusa na kujibu kila aliyekataliwa. Mwaka 2006 ulibuniwa mpango ulioitwa Dunc-Tank, wa kuwalipa wawili kati yao ili etch itoke Desemba. Mpango ukazua mgawanyiko mkali kati ya waliolipwa na wasiolipwa, na etch ikatoka Aprili 2007. Sioni kwamba fedha ni haramu. Naona kwamba kinachopungua kwenye timu hizo ni mikono zaidi ya malipo.

Mikono hiyo haihitaji kuwa ya waandishi wa programu. Njia ya kupanda kutoka toleo la zamani iko kwenye kundi la kasoro zisizosameheka, nayo haijaribiki ipasavyo kwenye mashine safi za maabara, kwa sababu mashine safi haina mipangilio ya ajabu ambayo mtu ameilimbikiza kwa miaka. Mwenye kompyuta ya pili anaweza kuweka humo nakala ya mfumo anaoutumia kila siku, akaupandisha wakati wa kugandisha, akaandika kilichovunjika. Debian ina mahali maalumu pa kupokea taarifa hizo, panapoitwa upgrade-reports, na taarifa inayofika Mei bado inaweza kuzuia toleo la Agosti.