Simu yangu ilivyoota mkia

Nichekeni mara moja tu halafu tuyamalize, maana hapa Ngamiani, Tanga, wameshanicheka wiki nzima, hadi muuza kahawa ananiita Mkia.

Mie ni wakala wa kutoa na kutuma pesa, nakaa kwenye baraza ya shangazi barabara ya 14, meza moja, mwamvuli mmoja, simu moja. Simu ikizima sina kazi, nageuka kijana aliyekaa tu barazani, na shangazi hana urafiki na kijana aliyekaa tu barazani. Kwa hiyo simu inashinda kwenye chaji na inalala kwenye chaji, na usiku mie nalala chali nimeisimamisha kifuani naangalia mpira wa juzi huku waya umekunjika chini yake kama goti la mzee.

Sasa waya ukiufanyia hivyo kila siku unakatikia palepale, shingoni, pale plastiki ngumu ya pini inapoishia na waya laini unapoanzia. Ndani mna vinywele vya shaba, vinakatika kimoja kimoja, we kwa nje unaona raba nzima tu unasema umeme mdogo. Mwaka huu nimeshazika nyaya 4. Ule wa nne ulifika mahali unachaji ukiinamishwa kushoto, na siyo kushoto kokote, kushoto kwa kuwekewa kiberiti chini na jiwe juu, na jiwe lenyewe ni lile moja niliokota Raskazone, nilijaribu mawe mengine yakakataa. Nyumba nzima ikawa inapita ukumbini kwa kunyata. Jirani akija kuomba chumvi anaambiwa tangu mlangoni, pita pembeni mama, simu inakula.

Shangazi akasema, "We mtoto, mie nyumba hii nimejenga nitembee, siyo nirukeruke kama kwale. Nunua waya."

Nikanunua. Shilingi 8,000, mnene, wa kufumwa kama kamba ya mashua. Nikajiapiza huu haufi. Nikaingia mtandaoni nikaona jamaa anatoa springi ya bolpeni anaizungushia shingoni mwa waya, kwamba waya ukikunjwa unapinda taratibu kwa urefu wote wa springi badala ya kuvunjikia pahala pamoja. Na kwa kweli ndo kazi ya ile raba yenye mikunjo inayowekwa kiwandani, jamaa hakudanganya. Nikavunja bolpeni 3 za biashara, moja ikakubali.

Tatizo springi haitulii. Naivisha, inashuka. Naivisha, inaruka inaingia chini ya kabati. Mara ya nne hasira zikapanda nikamtuma mdogo wangu dukani supa gluu ya 500.

Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri, maana nilifanya ujinga wa aina tatu kwa mpigo. Kwanza, sikuchomoa waya kwenye simu, ilikuwa asilimia 30 na mteja alisema anakuja kutoa laki 2. Pili, ili niione shingo vizuri, niliisimamisha simu ukutani kichwa chini miguu juu, tundu la chaji likawa linatazama mbinguni. Tatu, niliambiwa tone moja, nikatia matone manne, kwa upendo.

Supa gluu siyo gundi ya karatasi. Ile ni maji. Ikikuta kiufa inaingia yenyewe, haisubiri karibu. Ilipita kwenye springi, ikateremka kwenye plastiki ya pini, ikafika mdomoni mwa simu ikazama, mie namtazama tu najua inashika shingo. Nikabana springi kwa vidole viwili nihesabu mpaka 60, nilivyoona kwenye video. Nilipofika 60 nikaachia. Haikuachia.

Mteja akaita nje. "Wakala! Hodi wakala!"

Nawaambieni hali ilivyokuwa. Kidole gumba na cha shahada vimeganda kwenye springi, springi imeganda kwenye waya, waya umeganda kwenye simu, na upande wa pili kichwa cha chaja kiko kwenye soketi ya ukutani. Mie na TANESCO tumekuwa kitu kimoja. Namjibu mteja "nakuja" huku nikijua siendi.

Shangazi akatokea jikoni na upawa. Hakuuliza. Alizima swichi, akachomoa kichwa cha chaja, akanipeleka mpaka kwenye karai kama anampeleka ng'ombe josho, akaloweka vidole kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, na kila dakika ananivuta kidogo huku anamsimulia mteja, tena kwa sauti, baraza nzima inasikia. Vidole vilitoka baada ya robo saa. Ngozi kidogo ilibaki kwenye springi, ipo mpaka leo.

Nikasema alhamdulillah, sasa nichomoe simu nikafanye kazi. Navuta, kimya. Navuta tena, naona na kioo kinataka kuja. Nikaacha.

Na cha ajabu ilichaji! Ilichaji kuliko siku zote, maana pini ilikuwa haina pa kwenda. Siku tatu nikafanya kazi na simu yenye mkia wa mita moja. Mteja nampa aingize namba ya siri, anainua simu na waya unapita juu ya meza unazoa chenji. Watoto wa mtaa wakaiita panya. Siku ya pili tukaenda khitma Chumbageni, nimevaa kanzu safi, mkia umetoka mfukoni bila mie kujua, mzee mmoja nyuma yangu akaushika taratibu akaninong'oneza, "Mwanangu, uzi wa suruali umekutoka."

Binamu yangu akaleta dawa ya kufutia rangi ya kucha, ile yenye asetoni, kweli inalainisha supa gluu. Ila asetoni haichagui. Plastiki ya simu iliyokuwa inang'aa ikawa kama imelambwa na mbuzi, gundi ya ndani wala haikushtuka.

Siku ya nne nikakubali yaishe, nikapanda baiskeli kwenda kwa fundi karibu na soko la Mgandini. Mkia nikauviringisha vizuri nikausukumia mfukoni pamoja na simu. Nimepita barabara mbili tu nikasikia kitu kinanigusa paja kama kidole. Nikatazama chini. Mkia ulikuwa unaingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma, taratibu kabisa, kama mtu anavuta tambi.

Sikuwahi breki. Simu ilitoka mfukoni kama imeitwa, ikagonga spoku tarrrrrr, halafu ikaruka ikatua kwenye mchanga mbele ya mama wa vitumbua. Waya ukabaki umejizungusha kwenye ekseli. Mama wa vitumbua akasema pole baba, akaokota simu, akaipuliza kama kitumbua cha moto, akanipa.

Nikakaa chini nikafungua waya kwenye ekseli nusu saa. Shingo, nzima. Springi, imekaa palepale. Gundi, haijaachia hata chembe. Ila kwenye ncha ya pini kulikuwa na kidude cha chuma, kisanduku kidogo chenye vimiguu. Nikachungulia simu, pale palipokuwa na tundu la chaji naona giza tu mpaka ndani. Nilikuwa nimeng'oa sistim chaji yote kama jino.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba," akatazama simu, akatazama waya. "Mbona maiti umeileta na jeneza lake?"

Akakiweka kile kisanduku chini ya lenzi nikaona. Katikati kina kaulimi kembamba kama kipande cha ukucha, na huko nyuma vimiguu vingine vimetoka na ngozi ya bodi. Akaniambia hii ya taipu C ina vijipini 24 kwenye kale kaulimi, 12 juu 12 chini, ndo maana hukosei upande, na imeundwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Piga hesabu mwenyewe, mara 5 kwa siku ni zaidi ya miaka 5. Ila hiyo ni kuingia na kutoka imenyooka, kuilalia kifuani hakumo kwenye hesabu. Waya ukiusukuma kwa pembeni, pini inafanya kazi ya mtaimbo, we unagusa kidogo huku nje, kule ndani solda inabebeshwa mzigo wote.

Halafu akasema neno lililoniuma kuliko bei. Kwamba vile vijino vya kubana viliwekwa kwenye pini ya waya makusudi, siyo kwenye simu, ili kinachochoka kwanza kiwe waya, utupe ununue mwingine. Yani waya umeumbwa ufe kwa niaba ya simu, mie nikaenda nikamfufua yeye nikamuua mwenzie.

Kumbe simu nyingi za bei yetu ile sistim chaji inakaa kwenye kibodi chake kidogo peke yake, kinabadilishwa bila kugusa bodi kubwa. 25,000. Ule waya na springi na ngozi yangu aliomba abaki nao, kautundika ukutani juu ya hitigani, ile mashine yake ya kupuliza hewa ya moto, na kila mteja akiuliza anaelezwa ni wa nani na anakaa barabara ya ngapi.

Wakati natoka akanipa maelekezo ya bure. Shika pini, usivute waya. Usichaji huku umeilalia. Na kama nyumba ina watu wengi, uache waya umelegea upande wa simu, halafu uufunge kwa kitambaa kwenye kitu kizito, mtu akijikwaa avute hicho kitu, asivute simu.

Hilo la mwisho nikalipenda. Jana jioni nimechomeka waya mpya wa 5,000, nikaulegeza vizuri, nikaufunga kwa kipande cha kanga kwenye mguu wa kigoda. Mdogo wangu akapita mbio anafukuza kuku, mguu ukanasa, na nawaapia simu haikutikisika hata nukta, ilibaki pale inakula chaji yake kwa raha. Kilichokwenda ni kigoda. Na juu ya kigoda kulikuwa na birika la chai ya tangawizi ya shangazi, imeshatiwa maziwa.

Shangazi akaliangalia birika, akaiangalia simu, akaniangalia mie.

"Ile gundi yako," akasema, "ilibaki?"