Shahada za juu za saikolojia ya kazi: chagua mlango kabla ya jina la chuo

Waombaji wengi wa shahada za juu za saikolojia ya viwanda na mashirika, yaani saikolojia ya watu kazini, kuanzia kuajiriwa hadi utendaji wao, huanza kwa kuorodhesha vyuo vikuu vya Marekani vinavyochuja sana, kisha hutafuta humo kozi yenye jina linalokaribia wanachokitaka. Kwa fani hii utaratibu huo unapoteza watu. Idara ya saikolojia ya Harvard haina fani hii katika maeneo yake ya uzamivu. Za Stanford na Yale nazo hazina, ijapokuwa Hugo Münsterberg, mmoja wa waasisi wa fani, alikuwa profesa Harvard hadi alipofariki mwaka 1916. Idara zinazoheshimiwa zaidi na wanafani wenyewe ziko Michigan State, Minnesota, Maryland, South Florida, Bowling Green, Penn State na vyuo vingine vya umma ambavyo majina yake hayamtikisi mtu aliye nje ya taaluma. Miongoni mwa vyuo vigumu kuingia, Rice na Georgia Tech ni baadhi ya vichache vyenye uzamivu wa fani hii ndani ya idara ya saikolojia.

Msimamo wangu ni kwamba swali la kwanza liwe mlango gani, si chuo gani. Chuo kimoja kinaweza kuwa na milango mitatu au minne inayotoa shahada zenye majina yanayokaribiana, na kila mmoja unakupeleka kwenye kazi tofauti, kwa gharama tofauti.

Uzamivu ndani ya idara ya saikolojia ndio njia kamili. Unachukua miaka minne hadi sita: masomo ya darasani kwa miaka miwili hivi, tasnifu ndogo ya uzamili njiani, mtihani mkuu, pendekezo la utafiti, kisha tasnifu yenyewe. Kwa kawaida ada inafutwa na mwanafunzi hulipwa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Ndiyo sababu nashangaa kuona watu wakilipia uzamili wa bei kubwa eti uwe daraja la kuingilia uzamivu, wakati programu nyingi za uzamivu hupokea mwenye shahada ya kwanza na kumpa uzamili huohuo akiwa njiani. Uzamili unaolipiwa una maana kwa mwenye alama dhaifu anayehitaji kuonyesha uwezo mpya, au kwa aliyesoma fani nyingine ambaye hajawahi kugusa takwimu wala utafiti.

Kinachoangusha maombi ya uzamivu mara nyingi si alama. Kila profesa hupokea mwanafunzi mmoja au wawili, na kuna miaka hapokei kabisa. Ukimtaja msimamizi asiyepokea mwaka huo, faili lako halina wa kulitetea mezani hata likiwa zuri namna gani. Mwandikie kati ya Septemba na Oktoba barua fupi ya aya mbili, ukitaja utafiti wake mmoja wa karibuni na swali unalotaka kulifuatilia, na umuulize moja kwa moja kama anapokea mwanafunzi. Barua ya malengo nayo itaje wasimamizi wawili au watatu na ieleze swali la utafiti. Hadithi ya jinsi ulivyopenda saikolojia tangu utotoni haisaidii. Mwisho wa kutuma maombi huwa Desemba, mara nyingi wiki mbili za mwanzo. Mtihani wa GRE, ule wa kuombea shahada za juu Marekani, umefutwa na programu nyingi, lakini usichukulie kuwa umefutwa kote. Pale unapobaki hiari, alama nzuri ya hesabu humsaidia sana asiye na masomo ya takwimu kwenye cheti.

Mlango wa pili uko skuli ya biashara, kwenye uzamivu wa tabia ya watu katika mashirika. Hapa ndipo majina makubwa yanapopatikana: Harvard, Stanford, Yale, Berkeley, Wharton ya Pennsylvania. Ufadhili ni mzuri, na wahitimu huandaliwa kuwa maprofesa wa skuli za biashara. Mafunzo yanaelemea nadharia na majaribio kuhusu timu, madaraka, hisia na maamuzi. Uundaji wa mitihani ya ajira, uchambuzi wa kazi na upimaji wa utendaji hupata nafasi ndogo. Anayeota kuunda mfumo wa kuajiri wa shirika kubwa atajikuta amesoma miaka mitano jirani na kitu alichokitaka. Na akiandika kwenye maombi kwamba lengo lake ni kazi ya ushauri, kamati nyingi zitamwona si mtu wao.

Mlango wa tatu ni uzamili wa kitaaluma, kwa kawaida miaka miwili na mara nyingi kwa fedha zako mwenyewe. Columbia, kupitia Teachers College, ina uzamili wa saikolojia ya jamii na mashirika. Chuo Kikuu cha New York (NYU) kina wa saikolojia ya viwanda na mashirika. Cornell ina uzamili wa mahusiano ya viwandani na kazi, ambao ni jirani wa karibu wenye sheria za kazi na majadiliano na vyama vya wafanyakazi. Kwenye mlango huu ndipo tofauti za ubora ni kubwa kuliko jina linavyoonyesha, kwa hiyo omba mihtasari ya masomo kabla ya kulipa chochote. Tafuta angalau masomo mawili ya takwimu, moja la nadharia ya upimaji, moja la uchambuzi wa kazi na uteuzi wa wafanyakazi, pamoja na mafunzo kazini yanayosimamiwa. Programu iliyojaa uongozi, ukufunzi wa viongozi na mabadiliko ya mashirika, bila hesabu, inamtoa mhitimu anayegombea kazi zilezile na mwenye shahada ya rasilimali watu au ya biashara. Mara nyingi atashindwa, kwa sababu hana alichowazidi.

Chukua mfano wa hesabu ambayo mhitimu lazima aiweze. Kampuni imepokea maombi ya wanaume 100 na ikaajiri 50. Imepokea maombi ya wanawake 80 na ikaajiri 24. Kiwango cha wanaume ni asilimia 50, cha wanawake asilimia 30. Gawanya 30 kwa 50 upate 0.60. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 1978 kuhusu taratibu za kuajiri unatumia kipimo cha nne kwa tano: uwiano ukishuka chini ya 0.80, hiyo ni dalili ya athari isiyo sawa. Hapo kazi ndiyo inaanza. Ni lazima uonyeshe kwamba kigezo kilichotumika kinahusiana kweli na kazi, na ukipima uhusiano huo utakutana na mtego: una takwimu za utendaji za walioajiriwa tu, yaani wale waliofanya vizuri kwenye mtihani. Waliofeli hawamo. Kwa sababu alama za waliobaki zinakaribiana, uhusiano unaonekana dhaifu kuliko ulivyo, na kuna kanuni za kuusahihisha.

Kanuni hizo zimezua mjadala mkubwa. Uchambuzi maarufu wa watafiti Schmidt na Hunter wa mwaka 1998 uliweka uwezo wa jumla wa akili kwenye 0.51 kama kitabiri cha utendaji, kwa kipimo ambacho 0 ni kutokuwapo uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Mwaka 2022 Sackett na wenzake walionyesha kwamba masahihisho ya aina hiyo yalikuwa yamezidishwa; makadirio yao yaliushusha hadi 0.31, na usaili wenye maswali na alama zilizopangwa ukashika nafasi ya juu, 0.42. Angalia muhtasari wa somo la uteuzi. Ukikuta takwimu za 1998 pekee, bila mjadala wa 2022, programu hiyo haijafungua dirisha siku nyingi. Kwangu kipimo hiki kina uzito kuliko nafasi ya chuo kwenye orodha yoyote.

Mlango wa nne ni masomo ya muda kupitia vitengo vya elimu endelevu. Harvard Extension School ina uzamili wa saikolojia ya viwanda na mashirika, na namna ya kuingia ni kinyume cha kawaida: unasoma kwanza masomo machache ya mwanzo, na alama zako ndizo zinazokupa nafasi. Ni njia ya haki kwa mtu aliye kazini, na sioni sababu ya kuidharau. Ila andika jina la kitengo na la shahada kwa ukamilifu kwenye wasifu wako. Kulificha kunaharibu uaminifu mbele ya waajiri wanaoijua tofauti.

Mwombaji kutoka nje ya Marekani ana hesabu nyingine. Viza ya mwanafunzi, F-1, inahitaji masomo ya ana kwa ana; kwa kawaida ni somo moja tu la mtandaoni linalohesabiwa kwa muhula, kwa hiyo programu ya mtandaoni haikupi viza hiyo. Baada ya kuhitimu unaweza kuomba miezi 12 ya kazi ya mafunzo, na fani zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia zinaongezewa 24. Saikolojia ya viwanda na mashirika, yenye msimbo (nambari rasmi ya fani) 42.2804, iliingizwa kwenye orodha hiyo Januari 2022. Programu mbili zinazofundisha mambo yaleyale zinaweza kusajiliwa chini ya misimbo tofauti, na moja ikakunyima miaka miwili. Uliza msimbo kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi, na uhakikishe ndio ulioandikwa kwenye fomu ya I-20, ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza.

Jihadhari pia na neno ithibati. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, hutoa ithibati kwa uzamivu wa kliniki, unasihi na saikolojia ya shule. Fani hii haimo. Chuo chenyewe kinapaswa kuwa na ithibati, lakini tangazo linalodai kwamba programu ya fani hii imethibitishwa na APA linakudanganya. Uingereza mambo ni tofauti: cheo cha mwanasaikolojia wa kazi kinalindwa na sheria, na si kila uzamili wenye neno mashirika unaokufikisha huko.

Ofa ikifika, soma mstari wa fedha polepole. Posho ni ya miezi tisa au 12? Imehakikishwa kwa miaka mingapi? Bima ya afya inalipwa na nani? Kisha waombe wanafunzi wa mwaka wa tatu wakueleze msimamizi huchukua muda gani kurudisha rasimu, na wangapi wameacha njiani. Kwa nafasi zenye ufadhili, vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Utumie muda huo, na anayekusukuma ujibu Februari muulize kwa heshima kama chuo chake kimetia saini makubaliano hayo.