Panga boi ndani ya kompyuta

Mwaka jana nilimtumia mteja tangazo la sekunde 30 nililolisoma nikiwa nyumbani. Akanijibu kwa swali moja tu: "Mbona umerekodi karibu na jenereta?" Jenereta sina. Siku ile umeme ulikuwapo, madirisha nimefunga, hata watoto wa jirani nimewabembeleza wakachezee upande wa pili wa nyumba. Jenereta lenyewe lilikuwa kompyuta yangu chini ya meza, feni zake tatu zinakimbia kama zimeona nyoka.

Zilikuwa feni za taa. Nilizinunua Kariakoo kwa sababu ziko tatu kwenye pakiti, zinabadilisha rangi, na muuzaji aliniapia kwamba "hizi hata huzisikii, kaka". Nisichokiangalia ni waya. Zilikuwa zinachomekwa moja kwa moja kwenye pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kwa ile plagi pana ya zamani, zinapewa volti 12 saa zote, basi. Unasoma barua pepe, kasi ileile. Unahariri video, kasi ileile. Zinajua kuwaka na kuzima, katikati hakuna kitu.

Tangu hapo nimezisumbukia feni kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kuzisumbukia, na msimamo wangu ni huu: ukimya hauuzwi kwa jina la feni. Kelele ni mwendo. Ukiifanya feni izunguke polepole na mashine isichemke, umemaliza kazi, hata kama feni yenyewe haijulikani kwao.

Sisi wa Dar hatuhitaji kufundishwa hilo, maana tunalala chini yake. Panga boi la sebuleni lina mapanga marefu, linajizungukia taratibu, upepo unafika hadi kwenye pembe za chumba na mtu anapata usingizi. Kile kifeni kidogo cha mezani kinalia usiku kucha na kinachopoa ni pua tu. Ndani ya kasha la kompyuta mambo ni yaleyale. Feni ya milimita 80 inabidi itimue mbio ili isukume hewa ambayo ya milimita 120 au 140 inaisukuma kwa kutembea. Kama kasha lako lina matundu ya skrubu ya 140, usiweke 120 kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa dukani.

Kuna hesabu ndogo iliyonifungua macho. Ukipunguza kasi ya feni ikawa nusu, hewa nayo inabaki karibu nusu. Hapo hujapata wala hujapoteza. Lakini kelele yake inashuka kama desibeli 15, na desibeli 10 tu zinatosha sikio kuona sauti imepungua nusu. Sasa ongeza feni ya pili iliyo sawa na ile ya kwanza: kelele inapanda desibeli 3 pekee. Maana yake feni mbili zinazotembea zinakupa hewa ya feni moja inayokimbia, na bado umebakiwa na ukimya wa desibeli 12 mkononi. Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia mtu anasema ametoa feni moja ili kupunguza kelele. Zilizobaki zitakimbia zaidi kuifidia.

Ili feni itembee, lazima iweze kuamrishwa. Dukani angalia plagi kabla hujaangalia rangi. Ya pini nne inapokea amri ya PWM, yaani ishara ya umeme inayoiambia izunguke kwa kasi gani, kutoka kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ya pini tatu inapunguzwa kwa kupunguziwa volti. Zote zinafaa. Ila ukichomeka ya pini tatu kwenye tundu ambalo BIOS, ile programu ya mipangilio iliyo ndani ya mazabodi, imeliweka kwenye PWM, itakimbia kasi yote na utamlaumu muuzaji bure. Na wanaonunua zile kompyuta zilizotumika maofisini wawe makini, nyingine plagi zake za feni si za kawaida na feni ya dukani haiingii mpaka utafute adapta.

Majina? Noctua ya Austria inatengeneza feni nzuri sana, zile za rangi ya kahawia zinazofanana na viti vya basi la zamani. NF-A12x25 yao iliyotoka mwaka 2018 ina upenyo wa nusu milimita tu kati ya ncha za mapanga na fremu, na kazi hiyo ya mikono safi inalipiwa. Mimi pesa hiyo sikuwa nayo. Nilichukua Arctic P12, ambazo unaweza kuzipata tano kwenye pakiti moja, na zikizunguka chini ya mara 800 kwa dakika sikio langu haliwezi kuzitofautisha na zile za bei kali. Desibeli zilizoandikwa kwenye maboksi usizishindanishe, kila kampuni inapima kwa umbali wake na utaratibu wake.

Lakini feni si mchawi. Adui mkubwa wa ukimya siku hizi ni kasha lenyewe, hasa lile la kioo kitupu mbele. Linapendeza, sikatai. Nyuma ya kile kioo zimepangwa feni tatu zinazovuta hewa kupitia upenyo usiozidi kidole pembeni, kama mtu anayekimbia huku amezibwa mdomo. Hewa haitoshi, joto linapanda, kasi inaongezwa, kelele inakuja, na mwenye mali anakwenda kununua feni nyingine. Kabla hujatoa pesa, fanya jaribio la bure. Ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa, andika joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kisha bandua uso wa mbele wa kasha, iache ifanye kazi ileile. Joto likishuka kwa nyuzi tano au zaidi, tatizo ni mlango. Mimi yangu ilishuka tisa! Kioo kile sasa kiko uvunguni na mahali pake nimefunga wavu mwembamba wa dirishani.

Wavu nao unaikaba hewa kidogo, kwa hiyo za mbele ziwe aina yenye nguvu ya kusukuma penye kizuizi. Na vumbi letu halikubali uache wazi. Mimi nina mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma: hewa ikiingia kwa wingi kuliko inavyotoka, kasha linapumua nje kwenye nyufa, na vumbi linalazimika kupita kwenye wavu. Ukisafisha kwa blowa, zuia mapanga kwa kidole yasizunguke, la sivyo utaua beringi.

Jambo la mwisho ni BIOS, na hapa ndipo ushauri wa Wazungu unapotupoteza. Wanapima feni zao kwenye vyumba vya nyuzi 21. Januari, upepo wa kaskazi ukivuma, chumba changu kina 31. Zile kumi hazipotei, zinahamia kwenye prosesa. Ukinakili mpangilio wao wa kasi, feni zako zinaanza kupiga mayowe kabla hata hujafungua kazi. Mimi nimeziweka zitulie kwenye mara 700 kwa dakika hadi prosesa ifike nyuzi 70, ndipo zipande pole pole. Nyuzi 75 kazini si dhambi. Tena tafuta sehemu ya kuchelewesha feni kujibu, uipe sekunde kadhaa. Prosesa hurusha joto ghafla kwa kufungua ukurasa mmoja tu, na feni inayopanda na kushuka kila dakika inaudhi kuliko ile inayovuma sauti moja, ambayo sikio hatimaye linaisahau.

Mteja yule nilimrudishia tangazo, akalipokea bila swali. Chenye kelele kuliko vyote chumbani sasa ni panga boi. Nikitaka kurekodi nalizima, nafunga madirisha, nasoma jasho linanichuruzika. Baada ya dakika 40 chumba kimekuwa tanuri, na chini ya meza nasikia wenzangu wameanza kuongeza mwendo.