Panya wa Plastiki, Fahali wa Udongo

Binti yangu ana miaka tisa na ana panya. Panya wa kweli tunao pia, nyumba za Migosi hazikosi, ila huyu ni wa rangi ya zambarau na anaishi ndani ya televisheni. Anaitwa Rattata. Kila Jumapili tukitoka kanisani anaingizwa vitani na kupigwa kama ngoma. Nimemwambia binti yangu mara nyingi amweke kando, achukue mwingine mwenye nguvu. "Baba, huyu ni wangu," ananijibu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Gemu yenyewe ni Pokémon Rumble, moja ya gemu za Pokémon, wale viumbe wa kubuni wa Kijapani wanaopiganishwa. Ilitoka 2009, kazi ya kampuni ya Kijapani iitwayo Ambrella kwa ajili ya Wii, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo inayounganishwa na televisheni. Kufika kwake Kisumu kulikuwa kwa kuzunguka. Shemeji yangu alifanya kazi Uingereza miaka mingi, akarudi na Wii yake kuukuu ndani ya begi la nguo za watoto, na gemu ilikuwa tayari imepakuliwa humo. Tulibahatika, kwa sababu duka la mtandaoni la Wii lilifungwa Januari 2019. Leo hata uwe na pesa mkononi, hakuna wa kumlipa.

Wasahau Pokémon wa kwenye katuni. Hawa ni wanasesere, vile vidude vya kutiwa ufunguo vinavyotembea kwa kuyumbayumba kama bata aliyeshiba. Unalaza rimoti kama filimbi, kidole gumba cha kushoto kinamwongoza mwanasesere, cha kulia kinabonyeza 1 au 2, kila kitufe na pigo lake. Unapita kwenye vichochoro, unakutana na kundi, unalitwanga. Mara mojamoja mmoja wa walioanguka anabaki amelala pale chini badala ya kutoweka. Unamwokota, anakuwa wako. Mwisho wa kichochoro kuna mmoja mkubwa kama lori la miwa. Ukishaokota wenye nguvu ya kutosha, unafunguliwa uwanja ambamo unapambana na umati mzima huku saa ikikukimbiza. Halafu unaanza tena.

Jirani yangu, fundi wa pikipiki, alikuja jioni moja akatazama kama dakika kumi hivi. Akacheka. "Hii ni kudonoa tu," akasema. "Kama kuku na mahindi." Yeye amezoea gemu za mpira kule Kondele, ambako vijana hulipia kwa mechi, na aliyefungwa anainuka kumpisha mwingine. Pale ukibonyeza ovyo umeliwa. Hapa unaweza kubonyeza ovyo ukiwa unaongea na simu, na bado ukashinda.

Sina la kumpinga. Kwenye gemu kuu za Pokémon kila kiumbe ana mapigo manne ya kuchagua. Hapa ana mawili, na wengine huanza na moja. Viumbe wa Pokémon hutolewa kwa makundi yanayoitwa vizazi, na humu wamo wa kizazi cha kwanza na cha nne tu, walio katikati wamerukwa kama watoto waliosahauliwa kwenye orodha ya mahari. Sura zao ni za mkato, miili kama vipande vya sabuni, kwa maana maumbo hayo yalirithiwa kutoka gemu nyingine ya Ambrella ya 2008, My Pokémon Ranch. Kulikuwa na sababu: gemu zilizouzwa kwa kupakuliwa mtandaoni kwenye Wii hazikuruhusiwa kupita megabaiti 40. Video moja ya harusi inayotumwa kwenye kundi la familia yetu huzidi hapo, na humo hakuna mtu anayerusha moto.

Hata hivyo urahisi huohuo uliniletea jioni ambayo sijaisahau. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Khayega. Stima ilikuwa imepotea tangu mchana, ikarudi saa moja usiku, watoto wakaruka moja kwa moja kwenye Wii. Gemu inakubali wachezaji hadi wanne, lakini sisi tuna rimoti mbili, kwa hiyo kukawa na kelele. Kuwanyamazisha, mama akachukua rimoti moja. Maisha yake yote hajawahi kucheza gemu yoyote ya televisheni. Baada ya dakika mbili alikuwa anatwanga. Akauliza kwa nini yule wa maji anamuumiza sana yule wa moto, kisha akajijibu mwenyewe kabla hatujafungua mdomo: "Ah. Maji na moto, jamani." Niambie gemu ya mpira ambayo mwanamke wa miaka sabini angeielewa kwa dakika mbili.

Naye ndiye aliyenikumbusha fahali, kwa maana alipomaliza aliniambia, "Ninyi pia mlikuwa mnagonganisha."

Ni kweli. Aliyezaliwa Isukha au Idakho, kule Kakamega, anajua asubuhi ya vita vya mafahali: ngoma za isukuti zinaanza kusikika kabla umande haujakauka, fahali anaongozwa uwanjani na ukoo mzima nyuma yake, watu wanakimbia mbele na nyuma kama vile wao ndio wenye pembe. Sisi watoto tulikuwa na wetu. Tulichimba udongo kandokando ya kijito, tukafinyanga, tukatia miiba kuwa pembe, tukaanika juani. Kisha tunawasukuma kichwa kwa kichwa. Kanuni ilikuwa moja: pembe ikikatika umeshindwa. Ukitafuta gemu rahisi kuliko Rumble, ni hiyo. Haikuwa hata na vitufe viwili.

Kwa hiyo urahisi siulaumu. Ugomvi wangu na gemu hii uko kwingine.

Fahali wa udongo akivunjika pembe hakutupwa. Ulimtemea mate, ukamkandika udongo mbichi, ukamrudisha juani, na kesho yake alikuwa yuleyule, amenenepa kidogo shingoni pale ulipomziba. Alikuwa na jina na historia ya vipigo. Gemu kuu za Pokémon, tangu zile za kwanza za Japani za 1996, nazo ziko hivyo. Mwanzilishi wake, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu, na nadhani inaonekana: unampata kiumbe akiwa dhaifu, unamlea, anakua mikononi mwako. Mnachoka pamoja.

Rumble haina malezi. Mwanasesere ana namba ya nguvu, na namba hiyo ni ileile tangu siku uliyomwokota. Apigane mara mia, haongezeki hata moja. Leo una wa 300 unamsifu, kesho unaokota wa 340 na yule wa jana amegeuka takataka. Na gemu inakusukuma, kwa maana mlango wa uwanja haufunguki mpaka uwe na mwenye namba inayotakiwa. Kwa sarafu unaweza kununua pigo jipya kwenye mashine fulani, nayo hukupa pigo kwa bahati nasibu. Mwili wa mwanasesere hauguswi. Nilipofikisha saa mbili za kucheza nilikuwa na kapu la vidude kama lile rundo la mitumba la Jumapili pale Kibuye, na sikuweza kukutajia kimoja nilichokipenda.

Inaelekea hata watengenezaji waliliona jambo hili. Kwenye Pokémon Rumble U ya 2013, ya mashine iliyoifuata Wii iitwayo Wii U, waliuza sanamu halisi za plastiki. Unaigusisha kwenye kidhibiti cha mashine, mwanasesere anaingia kwenye gemu, unaweza kumboresha, na habari zake zinabaki ndani ya sanamu yenyewe. Hapo angalau kuna kitu cha kutia mfukoni. Ila baadaye waligeukia njia nyingine. Rumble World ya 2015 ilipakuliwa bure kwenye Nintendo 3DS, mashine ya gemu ya mkononi, kisha ukasubirishwa: ukitaka kusafiri kwa puto subiri lijae, au toa almasi, na almasi zilikuwa zinauzwa. Rumble Rush ya simu ilikuja 2019, ikazimwa Julai 2020. Mwaka na kidogo! Waliokuwa na panya wao humo, panya amekwenda. Wii kuukuu ya shemeji haimngoji mtu yeyote ng'ambo aizime, inataka stima tu, na betri mbili za rimoti ambazo kila mara hupatikana zimehamia kwenye tochi.

Haya yote nilimweleza binti yangu, kwa lugha ya mtoto, nikidhani nampa somo. Kwamba gemu haijampa sababu ya kumpenda huyo panya. Panya ndiye mwanasesere wa kwanza kabisa unayepewa, namba yake ni ya chini kuliko zote, hakui, na gemu haimkumbuki.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. Kisha akaendelea kufanya anachofanya siku zote: anaingia vichochoroni na mwanasesere mwenye nguvu, anakusanya sarafu mpaka kidole kimuume, na sarafu zote anampelekea panya kwenye ile mashine ya mapigo. Pigo likitoka baya, anarudi vichochoroni. Kumbe wale wenye nguvu, niliodhani ndio gemu yenyewe, kwake ni vibarua wa panya.

Nilikaa nikafikiri. Yule fahali wangu naye, udongo haukunipa sababu yoyote. Ulikuwa matope ya kijitoni.

Bado nasema ni gemu iliyoundwa kwa uvivu mahali penye haja ya kufikiri, na jirani yangu akirudi na hadithi yake ya kuku nitacheka naye. Ukiniuliza kama unaweza kuicheza peke yako, mtu mzima, jioni nzima, nitakwambia hapana, tafuta kitabu. Ukiwa na wageni, watoto na mama aliyetoka mashambani, iwashe.

Jumapili iliyopita panya alifikishwa uwanjani. Namba yake haitoshi kumfungulia mlango, lakini mwenye namba akishafungua, unaweza kubadilisha katikati ya vita. Binti yangu aliligundua mwenyewe hilo. Mimi sikuwa nalijua. Akaingia na mwenye nguvu, akambadilisha papo hapo, panya akasimama katikati ya umati. Alidumu kwa muda wa kupiga chafya mara mbili hivi. Binti yangu hakuonekana kusikitika. Aliweka rimoti chini, akaniuliza fahali wangu wa udongo aliitwa nani.

"Mukombero," nikamwambia. Sikuwa nimelitamka jina hilo kwa miaka thelathini.

"Alishinda?"

"Mara moja."